Listi Yenu ya Kampasi Imemwacha Nani?

Wiki hii nimetumiwa video ile ile na watu tisa. Mnaijua. Marafiki watano, fulana za rangi moja, wamemaliza chuo, na wanakata vitu kwenye karatasi kimoja baada ya kingine. Diani, kata. Ndege mpaka Mombasa na kurudi na SGR, kata. Chakula cha jioni juu ya ghorofa Westlands, kata. Mwisho wanarusha kofia juu, muziki unapanda, na huko chini kwa komenti watu wanalia machozi. "Urafiki ndio huu." "Mbogi yangu iko wapi?"

Nina neno. Na kabla mniambie ni wivu, wacha nikubali: ninao. Niliacha chuo mwaka wa tatu, kofia sikurusha, na mama yangu hadi leo akiulizwa na majirani husema niko "attachment". Lakini wivu haumfanyi mtu kuwa mwongo. Nisomeni mpaka mwisho, ndipo mnitukane.

Neno langu ni hili. Listi ya marafiki ambayo maskini wa kikundi hawezi kuifuata si listi ya marafiki. Ni mchujo. Mnaanza saba, mnamaliza watano, na kwa video nzima hakuna mtu anayeuliza wale wawili walienda wapi.

Tuanze na hilo jina, baketi listi. Kwa Kiingereza, kupiga ndoo teke ni kufa. Kwa hivyo hiyo ni orodha ya mambo ya kufanya kabla hujafa. Sasa niambie, mtoto wa miaka 21 anakimbizana na nini? Kwani kumaliza chuo ni kuzikwa? Sisi ndoo tuliyoijua kampasi ilikuwa ya kupanga foleni ya maji. Na ni kwa hiyo foleni ndipo listi yetu ilipoanzia.

Tulikuwa wanne. Chumba kimoja cha hosteli ya kibinafsi nje ya geti la chuo, nje kidogo ya jiji la Nairobi, deka mbili, meko moja, na dirisha lililofungwa kwa waya. Majina yao siwapi, lakini chumbani tulikuwa na Mheshimiwa, aliyegombea kila kiti na kushindwa kila kiti. Tulikuwa na Daktari, ambaye hakusomea udaktari, alikuwa tu na Panadol kila wakati. Na tulikuwa na Mzae, aliyelala saa tatu usiku kama babu ya mtu. Muhula wa kwanza ulikuwa unaisha, maji yamekatika siku ya nne, tumekaa kwa ngazi na ndoo zetu tukingoja lori. Mheshimiwa akatoa daftari la hesabu, akaandika nyuma kwa herufi kubwa: MAMBO YA KUFANYA KABLA TUTOKE HAPA. Tukafikisha ishirini.

Siwapi zote, nyingine ni za aibu. Lakini zilikuwa kama hizi. Kuona jua likichomoza tukiwa juu ya Ngong Hills. Kuingia Karura na kutoka bila kupotea. Kumaliza kitabu kizima, kisicho cha mtihani, ndani ya maktaba ya McMillan. Kupanda nganya ya Rongai kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuwa na shughuli yoyote Rongai. Kumwona Kijana wa Turkana kwa makumbusho. Kuona mchezo Kenya National Theatre. Kuhudhuria mhadhara wa kozi isiyo yetu na kuuliza swali. Kula mutura ya mitaa mitano na kupiga kura. Namba kumi na tisa, kukaa usiku kwa viti vya uwanja wa mahafali. Namba ishirini, kumlipa Mama Chapo deni lake lote.

Tulipomaliza, Mzae akauliza swali moja: "Na asiye na pesa siku hiyo?"

Tukanyamaza kidogo, kwa sababu kila mmoja wetu alijua anaweza kuwa yeye. Ndipo Mheshimiwa akaandika juu kabisa ya karatasi, kabla ya namba moja: Mmoja akikosa, tunamchangia. Tukishindwa kumchangia, tunangoja.

Hiyo sheria ndio ilikuwa listi. Zile ishirini zilikuwa mapambo.

Sasa wacha niwaambie dhambi yangu, kwa sababu siwezi kuwaosha wengine na mikono yangu iko hivi.

Nilipotoka chuo nilianza kutengeneza video. Miezi sita watu hawakutazama. Halafu nikatengeneza moja: vitu kumi lazima ufanye kabla umalize kampasi. Namba moja nikaweka Diani. Namba nne ziara ya ndege. Namba saba chakula mahali ambapo supu pekee ni hela ya mboga ya wiki. Picha nilizitoa kwa watu. Mimi Diani sijawahi kufika, na hadi leo navyoandika sijafika. Ile video ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kufanya, na ndiyo iliyonilipia kodi ya nyumba mwezi ule.

Kisha nikapata ujumbe wa msichana wa mwaka wa pili. Kikundi chao cha sita kilikuwa kimeamua kufuata listi yangu. Shilingi 12,000 kwa kichwa. Pesa zake za mkopo zilikuwa zimeingia, akalipa, akaenda, akapiga picha, akarudi, na hakuwa na kodi ya chumba. Hilo angelimeza. Kilichomshinda ni kwamba wiki mbili baadaye wenzake walikuwa washapanga namba ya pili. Akawaambia anaenda ushago kuona nyanya yake mgonjwa. Hakwenda popote. Alijifungia chumbani siku tatu, taa imezimwa, anatembea bila viatu ili wapangaji wenzake wasisikie kuna mtu. Mwisho wa ujumbe akaniuliza: "Kwani wewe Diani ulienda na pesa ya nani?"

Wiki nzima sikumjibu, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa "sikwenda". Nilipomjibu hatimaye, nilifuta ile video kwanza.

Hivyo ndivyo huo mchujo unavyofanya kazi, na ndio maana ni vigumu kumshika mtu. Hakuna anayekufukuza. Hakuna anayekwambia wewe ni maskini. Unajifukuza mwenyewe. Mara ya kwanza unasema una asaimenti. Mara ya pili unasema hujisikii vizuri. Mara ya tatu hawakuulizi tena, si kwa ubaya, wanafikiri huna haja nao. Kuna grupu jipya la WhatsApp limefunguliwa la "wanaokuja peke yao", na wewe hauko. Mwaka unaisha, wanakata ya mwisho, na kwa komenti unaandika "hongereni wasee" na kaemoji ka moto.

Na tafadhali msiniambie hamkujua. Tangu 2023 nchi hii ina mfumo wa ufadhili wa vyuo vikuu unaopanga wanafunzi kwa makundi kulingana na uwezo wa familia zao. Kuna waliousifu, kuna walioupeleka kortini, hiyo ni vita nyingine. Lakini serikali yenyewe iliweka kwa maandishi kwamba watu wanaokaa benchi moja hawatoki kwa mfuko mmoja. Sisi tunaokula sahani moja nao ndio tunajifanya hatujaona.

Kuna wale watasema: sasa tusifurahie? Tukae hosteli tukiangaliana?

Hapana. Mimi naipenda listi. Nataka kila komredi awe nayo. Kinachoniudhi ni kwamba tumenunua listi ya mtu mwingine, ya mji mwingine, wakati mji tunaoishi hatuujui. Na sisemi Diani ni mbaya. Ukiwa unasoma Mombasa, Diani ni feri ya Likoni, ambayo kwa miguu hulipi, kisha matatu, na jioni uko kitandani kwako. Hapo Diani ni mtaa wako, nenda kila wiki. Lakini sisi wa Nairobi tunakopa kwenda kilomita mia tano tukipita karibu na vitu ambavyo watu wametoka mbali kuja kuviona.

Chukua Karura. Kuna komredi anapita Kiambu Road kila siku na hajui kwa nini ule msitu bado ni msitu. Mwaka 1999, mashamba ya pale yakiwa yamegawiwa watu binafsi, Wangari Maathai alienda kupanda mti na akapigwa mpaka damu ikamtoka kichwani. Baada ya hapo wanafunzi wa vyuo vikuu wa Nairobi waliingia barabarani wakakabiliana na polisi kwa ajili ya miti. Makomredi kama wewe. Siku sisi wanne tulipoenda, Daktari alikaa kwa gogo karibu na maporomoko ya maji akasema, "Kwa hivyo hii ni yetu." Hakuwa anataka jibu.

Chukua maktaba ya McMillan pale mjini, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Leo unapita kati ya wale simba na begi lako na hakuna anayekusimamisha. Mimi hapo nilimaliza riwaya siku mbili. Mzae alilala ukurasa wa kumi na moja, tukampa alama nusu.

Chukua Kenya National Theatre, iliyojengwa wakati wa mkoloni, 1952, ng'ambo tu ya barabara kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, wote walimu wa chuo kile, waliweka Dedan Kimathi kwa jukwaa lile lile. Mwalimu wako anavuka barabara na somo linaendelea upande wa pili. Hiyo iko kwa listi ya nani siku hizi?

Na chukua Kijana wa Turkana, huyu ndiye alinimaliza. Tulimwona baada ya mimi kuacha chuo. Mifupa ya mtoto aliyeishi kama miaka milioni moja na nusu iliyopita, karibu mwili mzima. Aliyeiona kwanza, mwaka 1984 kule Nariokotome upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, ni Kamoya Kimeu. Mkamba aliyekuwa amechunga mifugo ya baba yake, aliyeanza kama kibarua wa kuchimba Olduvai mwaka 1960, na ambaye chuo kikuu hakuwahi kusoma. Aliona kipande kidogo cha fuvu, rangi moja na mawe yaliyokizunguka, akajua. Amefariki 2022 na vitabu vya chuo vinafundisha alichookota.

Nilisimama pale muda mrefu. Sisemi kila aliyeacha chuo ni Kamoya, msinisome vibaya, na msiende kumwambia mzazi wako eti mimi nimesema masomo hayana maana. Yana maana, ningeyamaliza kama ningeweza. Nasema tu kwamba miezi minane nilikuwa nimejiona kama mtu aliyefutwa, na dawa nikaipata kwa kioo cha makumbusho, kwa sababu watu watatu walinisubiri hadi nikapata pesa ya kuingia.

Maana walinisubiri. Hiyo ndiyo sehemu ambayo video zenu hazina.

Mwaka wa tatu, muhula wa pili, karo yangu ilibaki nusu. Baba alikuwa amesimamishwa kazi, shamba lilikuwa limeshauzwa kwa ajili ya kaka yangu. Bila kumaliza karo huingii mtihani. Wale watatu walichanga, wakafikisha kitu kama robo ya iliyobaki, na hapo walikuwa wameuza redio na meko. Haikutosha. Nikafunga begi. Tulikuwa tumekata namba tisa.

Wangeweza kumaliza kumi na moja zilizobaki kabla ya krismasi. Hakuna mtu angewalaumu. Badala yake Mheshimiwa alikuwa akinipigia simu kila mwisho wa mwezi: "Uko aje kipesa?" Nikisema vibaya, anasema sawa, tunangoja. Ngong Hills tulingoja mwaka mzima. Siku tuliyoenda tulipanda matatu ya 111 ya usiku, tukalala kwa binamu ya Daktari pale Ngong, na saa kumi na moja asubuhi tukaanza kupanda na tochi za simu. Baridi ilikuwa inauma meno, ile mitambo ya upepo inavuma juu yetu kama ndege isiyotua. Jua halikuonekana. Ukungu mtupu. Tulikata hivyo hivyo, Mheshimiwa akaandika kando: "Lilichomoza, hatukuliona."

Kuna mzazi mmoja huwa ananiandikia nikizungumzia mambo kama haya. Anasema, "Mlitumwa kusoma, hamkutumwa kutembea." Mzee, kwa heshima yako yote, nimekusikia. Unalipa karo kwa jasho na una haki ya kuuliza. Lakini mwanao akikaa miaka minne Nairobi asijue kitu ila lekcha, chumba na simu, utakuwa umelipia nusu. Na akijifunza kumngoja mwenzake aliyekwama, hilo hakuna mtihani wa kulipima, lakini wewe ndiye litakufaa ukizeeka.

Mwezi jana zilibaki mbili. Namba kumi na tisa, viti vya uwanja wa mahafali. Tulifika geti saa mbili usiku. Soja akawaangalia wale watatu, akaangalia kadi zao, akanigeukia. "Kijana, kadi."

"Sina, mzee. Nilikuwa hapa zamani."

"Zamani haifungui geti."

Hakuwa mkali, anafanya kazi yake. Mzae akajaribu kumbembeleza, ikashindikana. Nikawaambia ingieni, mimi nitawangoja hapa, ni dakika kumi tu. Nilimaanisha. Mheshimiwa akatoa daftari, ile karatasi sasa imelainika kama noti ya hamsini, akakata neno "uwanja" akaandika "geti". Tukakaa wanne kwa ukingo wa mtaro nje ya geti mpaka saa nne. Soja mwenyewe alikuja kuomba kiberiti akakaa nasi kidogo.

Asubuhi tukaenda kwa Mama Chapo. Huyu mama alitulisha kwa deni tangu mwaka wa kwanza, chapo mbili na madondo, anaandika kwa daftari lenye jalada la bluu, kila mtu ukurasa wake. Wangu ulikuwa shilingi 1,340. Nilikuwa nimekuja nazo kwa bahasha, na aibu ya mwaka mzima na zaidi.

Akahesabu, akapiga mstari, akasema, "Nashukuru, mwanangu. Huu ukurasa wako niliuacha makusudi."

Nikamuuliza makusudi kivipi.

Akafungua daftari akanionyesha mahali kurasa zimechanwa. "Hawa ni wale walitoka hivyo tu. Mtu anakula hapa mwaka, halafu siku moja humwoni. Ukiuliza wenzake wanasema hawajui. Nikikaa muhula mzima bila kumwona, natoa karatasi, maana nitamdai nani?"

Nilijaribu kuhesabu vile vipande vilivyobaki kwenye uzi. Nilifika kumi na saba nikaacha.

Hiyo ndiyo listi ya kampasi ambayo hakuna mtu anaiweka kwa video. Na kile kinachoniuma si pesa za yule mama, ingawa nazo ni pesa. Ni lile jibu: "Wenzake wanasema hawajui." Mtu alikuwa na watu wa chumba kimoja, watu wa darasa moja, pengine watu wa listi moja, na hakuna anayejua alikoenda.

Kwa hivyo, komredi, andika listi yako. Iandike leo, usingoje mwaka wa nne. Piga picha pia, mimi nakula kwa hizo picha, siwezi kukukataza. Lakini kabla ya namba moja, angalia chumba chako, tafuta yule mwenye mfuko mwembamba kuliko wote, na upange kwa mfuko wake. Kama hamwezi kumwambia bei mbele yake bila yeye kuangalia chini, hiyo kitu ifuteni. Kama ameshatoka chuo, mpigie. Usimwandikie "tukutane siku moja". Mwulize yuko aje kipesa, na umngoje.

Na wewe dada wa mwaka wa pili, uliyekuwa unatembea bila viatu chumbani kwako. Nilikuomba msamaha kwa ujumbe, sasa naomba mbele ya watu. Listi yangu ilikuwa ya uongo. Ukiwa bado unataka kwenda Karura, sisi wanne tunaenda tena Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Nauli ikikosekana, sema tu.